Muziki ndani ya pikapu: waya na spika kwanza, wati baadaye

MMILIKI wa pikapu anapoamua kuachana na redio iliyokuja na gari lake, swali la kwanza analokutana nalo dukani ni kwamba anataka wati ngapi. Swali hilo ndilo linalowapotosha wengi. Hununua amplifaya kubwa na sabufa ya inchi 12, humhimiza fundi amalize siku hiyo hiyo, na baada ya wiki chache hujikuta na muziki unaokwaruza, betri isiyoweza kuwasha injini asubuhi na, katika hali mbaya zaidi, waya uliounguza zulia chini ya kiti.

Ukweli ni kwamba ubora wa sauti ndani ya gari hutegemea mambo manne kwa mpangilio maalumu: utulivu wa kabini, spika za mbele, umeme ulio salama, na mwisho kabisa wati. Anayeufuata mpangilio huo hutumia fedha kidogo na kupata muziki safi. Anayeupindua hulipa mara mbili.

Makala haya yanaeleza hatua za kubadilisha mfumo wa sauti wa pikapu, yakichukua mfano wa Toyota Hilux, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1968 na ambalo limezoeleka katika barabara za Afrika Mashariki. Maelezo mengi yanafaa pia kwa Nissan Navara, Mitsubishi L200, Isuzu D-Max na Ford Ranger.

Ilikotoka redio ya gari

Redio ya gari iliyouzwa kwa mafanikio kibiashara ilitolewa mwaka 1930 na kampuni ya Paul Galvin ya Chicago, Marekani, kwa jina la Motorola. Mwaka 1963 Philips ilitambulisha kaseti ndogo, ambayo baadaye ilitawala ndani ya magari kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Pioneer ikatoa mashine ya kwanza ya kucheza CD ndani ya gari. Leo muziki mwingi hutoka katika simu ya mkononi kwa njia ya USB au Bluetooth.

Katika mabadiliko yote hayo, jambo moja limebaki vilevile: pikapu ilibuniwa kubeba mizigo. Watengenezaji huweka redio na spika za gharama nafuu kwa sababu mnunuzi wa kwanza huangalia nguvu ya injini, uimara wa chasi na ulaji wa mafuta. Spika nyingi za kiwandani huwa na koni ya karatasi na sumaku ndogo, na milango yake ni bati jembamba lililo wazi ndani.

Ngurumo ya injini na muziki

Kikwazo cha kwanza cha muziki ndani ya pikapu ni gari lenyewe. Injini ya dizeli ya mitungi 4 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, huwa na milipuko 2 katika kila mzunguko, sawa na milipuko 4,000 kwa dakika, au karibu 67 kwa sekunde. Hiyo ni ngurumo ya hezi 67, na iko katika eneo lile lile la sauti ambamo gitaa la besi na ngoma kubwa hupiga.

Ndiyo maana muziki unaosikika vizuri gari likiwa limeegeshwa hupoteza besi mara linapoingia barabarani. Dereva huongeza sauti, spika ndogo hushindwa kuhimili, na mkwaruzo huanza. Kuongeza wati hakuondoi tatizo hilo, kwa kuwa kelele ya injini, matairi na upepo inabaki pale pale.

Tatizo la masafa ya Japani

Kikwazo cha pili kinawahusu walionunua magari yaliyotumika kutoka Japani. Kwa miongo mingi matangazo ya FM nchini humo yalitumia masafa ya megahezi 76 hadi 90, na kuanzia mwaka 2014 yalipanuliwa hadi 95. Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani ya zamani, kwa hiyo, hukamata kipande kidogo tu kati ya 87.5 na 90, na vituo vingine vyote havisikiki.

Hilux iliuzwa nchini Japani hadi mwaka 2004, ikatoweka katika soko hilo na kurejea mwaka 2017. Hivyo Hilux iliyotoka Japani ama ni ya zamani au ni ya miaka ya karibuni. Zilizotengenezwa Thailand kwa ajili ya masoko mengine kwa kawaida huja na redio inayofikia megahezi 108.

Mafundi wengi hutatua tatizo hilo kwa kufunga kigeuza masafa kwenye waya wa antena. Kifaa hicho hupunguza namba ya masafa kabla hayajafika kwenye redio. Kikiwa cha megahezi 12, kituo cha 98.0 huonekana kwenye redio kuwa 86.0. Ni njia rahisi, lakini huweza kupunguza usafi wa sauti, na vituo viwili vinaweza kugongana katika namba moja. Mtu aliyekwisha kuamua kuboresha mfumo wake hana sababu ya kununua kifaa hicho: redio mpya yenye masafa ya kimataifa humaliza tatizo moja kwa moja.

Siri ya wati 50

Maboksi mengi ya redio za gari huandikwa kwa maandishi makubwa kuwa zina nguvu ya wati 50 mara 4. Hesabu ya shule inatosha kuonyesha kilichojificha nyuma ya namba hiyo.

Injini ikiwa inazunguka, alteneta hutoa takriban volti 14.4. Spika ya kawaida ya gari ina ukinzani wa omu 4. Volti 14.4 zikizidishwa kwa zenyewe kisha zikagawanywa kwa 4, jibu ni karibu wati 52. Lakini hiyo ni nguvu ya redio inayosukuma umeme wote ilio nao bila kupumzika, hali ambayo sauti yake ni mkwaruzo mtupu. Kwa wimbi safi la muziki, nguvu hiyo haiwezi kuzidi nusu, yaani wati 26, na baada ya upotevu wa ndani hubaki kati ya 15 na 20.

Kwa sababu hiyo, namba ya kuangaliwa dukani ni ile inayoandikwa pamoja na herufi RMS, inayoonyesha nguvu ambayo kifaa huweza kuitoa au kuihimili kwa muda mrefu. Namba iliyoandikwa MAX haina manufaa makubwa kwa mnunuzi.

Jambo jingine la kusoma ni unyeti wa spika, unaopimwa kwa desibeli. Spika yenye unyeti wa desibeli 90 ikipewa wati 50 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100, kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 3 lahitaji nguvu maradufu. Kwa mtu asiyetaka kununua amplifaya, kuchagua spika yenye unyeti mkubwa ni njia rahisi ya kupata sauti zaidi kwa redio ile ile.

Hatua ya kwanza: milango na spika za mbele

Kazi huanza kwenye milango ya mbele. Paneli ya plastiki ikishafunguliwa, huonekana karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua yasiingie kabini. Karatasi hiyo isichanwe ovyo, na ikichanika irudishwe kwa gundi. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango yasizibwe, kwa kuwa ndiyo yanayotoa maji. Mlango uliozibwa matundu huoza kwa kutu kutoka ndani.

Bati la mlango hubandikwa mikeka mizito ya mpira wa butaili yenye karatasi ya alumini juu yake. Si lazima kufunika bati lote. Kubandika sehemu kubwa ya bati la nje, hasa nyuma ya spika, na kuziba mianya mikubwa ya bati la ndani hutosha kupunguza mtetemo. Faida yake ni mbili: kelele ya barabara hupungua, na mlango hugeuka kuwa boksi la spika. Wapo waliofanya kazi hiyo pekee na kugundua kuwa spika zao za zamani hazikuwa mbaya kiasi walichodhani.

Kisha huja spika. Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, imefungwa katikati ya spika kubwa. Hii ni nafuu na hufungwa kwa urahisi. Ya pili ni ya vipande, ambapo twita hufungwa peke yake juu ya mlango au pembeni mwa dashibodi, na spika kubwa hubaki chini. Aina ya pili hugharimu zaidi, lakini humfanya msikilizaji ahisi kuwa mwimbaji yuko mbele yake, na si miguuni pake.

Kabla ya kununua, kipenyo na kina cha nafasi iliyopo vipimwe kwa rula. Spika yenye sumaku nene huweza kugusa kioo kinaposhushwa. Kioo kishushwe hadi mwisho wakati wa kupima. Waya za chanya na hasi nazo zizingatiwe: spika moja ikiunganishwa kinyume na mwenzake, koni moja husukuma wakati nyingine inavuta, na besi hupotea ingawa spika zote zinalia.

Spika za nyuma katika dabo kabini zaweza kusubiri. Katika singo kabini hazina hata nafasi. Bajeti ndogo itumike mbele, wanakokaa dereva na abiria wake.

Hatua ya pili: redio yenyewe

Nafasi ya redio kwenye dashibodi hufuata vipimo vilivyokubaliwa kimataifa, vilivyoanzia Ujerumani na kujulikana kwa herufi DIN. Redio ya DIN moja ina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Ya DIN mbili ina upana ule ule na kimo cha milimita 100. Toyota nyingi zina nafasi yenye upana wa milimita 200, hivyo redio ya kawaida hubakiza mwanya pembeni, na mwanya huo huzibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Mnunuzi aangalie mambo manne: masafa hadi megahezi 108, Bluetooth ya kupokea simu bila kushika kifaa, soketi ya USB, na soketi za RCA kwa nyuma zitakazopeleka sauti kwenye amplifaya siku za usoni. Redio isiyo na soketi hizo humfunga mmiliki wake baadaye.

Fundi asiruhusiwe kukata plagi ya kiwandani. Madukani huuzwa waya za kuunganishia zenye plagi inayolingana na ya Toyota upande mmoja na ya redio mpya upande mwingine. Kwa njia hiyo redio ya zamani huweza kurudishwa siku gari litakapouzwa, na hatari ya waya kugusana hupungua.

Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata rangi zinazofanana. Waya wa njano hupata umeme wa betri wakati wote ili kutunza saa na kumbukumbu. Mwekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi. Wa buluu wenye mstari mweupe huamsha amplifaya. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, ya mbele kulia kijivu, ya nyuma kushoto kijani na ya nyuma kulia zambarau, na waya wenye mstari mweusi ndio hasi. Waya wa njano na mwekundu vikiunganishwa pamoja, redio hubaki ikivuta umeme hata gari likiwa limezimwa, na hicho ni chanzo kimojawapo cha betri kufa usiku.

Kabla ya kugusa waya wowote ndani ya dashibodi, kichwa hasi cha betri hufunguliwa kwanza, kisha fundi husubiri angalau sekunde 90. Muda huo huruhusu umeme uliohifadhiwa kwenye mfumo wa mifuko ya hewa kuisha. Plagi na waya za njano zilizofunikwa kwa pamoja karibu na usukani na kwenye dashibodi kwa kawaida ni za mfumo huo, na hazipaswi kuguswa wala kupimwa kwa taa ya kujaribia umeme.

Hatua ya tatu: amplifaya na umeme salama

Hapa ndipo penye hatari halisi. Amplifaya yenye nguvu endelevu ya wati 500 na ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 625 kutoka kwenye betri inapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa volti 13.8, hizo ni takriban ampea 45. Mkondo huo ni mkubwa mara nyingi kuliko ule unaopita kwenye waya wa redio ya kawaida.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 45, hupoteza karibu volti 1 njiani. Upotevu huo hugeuka kuwa joto la zaidi ya wati 40 ndani ya waya uliofichwa chini ya zulia. Waya wa milimita za mraba 16, kwa urefu ule ule, hupoteza karibu robo ya volti tu. Tofauti hiyo huamua kama waya utabaki baridi au utayeyusha ganda lake.

Mnunuzi ajihadhari pia na waya za alumini zilizopakwa shaba. Kwa nje hufanana na shaba kamili na mara nyingi ganda lake ni nene ili kuonekana kubwa, lakini uwezo wake wa kupitisha umeme ni pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Ncha ya waya ikikwaruzwa kwa kisu, rangi ya fedha huonekana chini ya wekundu.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu nayo, isizidi sentimita 45. Wapo mafundi wanaoiweka karibu na amplifaya, wakidhani kazi yake ni kuilinda amplifaya hiyo. Kazi yake kuu ni kulinda waya. Ganda la waya likichubuka katikati ya safari na shaba ikagusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea. Fyuzi iliyo mbele ya betri hukatika papo hapo. Iliyo mwisho wa waya haina habari, na moto huanza kabla dereva hajasimamisha gari. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, fyuzi ya ampea 60 hadi 80 inafaa. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, sababu itafutwe; kuibadilisha kwa kubwa zaidi au kuifunga kwa waya mtupu ni kualika ajali.

Waya unapopita kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini, tundu liwe na mpira wa kuzuia ncha kali za bati. Waya wa hasi uwe na unene sawa na wa chanya, uwe mfupi, usizidi nusu mita, na ufungwe kwa boliti kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Muungano mbovu wa hasi ndio chanzo cha kawaida cha mluzi unaopanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Waya za RCA zipitishwe upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, ili kelele ya alteneta isiingie kwenye muziki.

Amplifaya ifungwe mahali penye hewa, kwa mfano chini ya kiti, mbali na maji. Kuifunga nyuma kwenye boda ya mizigo ni kuikabidhi kwa mvua, vumbi na wezi.

Hatua ya nne: sabufa katika nafasi finyu

Gari dogo la familia lina buti. Pikapu haina. Sabufa ya inchi 12 katika boksi kubwa haina pa kukaa isipokuwa kwenye kiti cha abiria. Ndiyo maana watengenezaji hutoa sabufa nyembamba za inchi 8 na 10 zinazotosha nyuma au chini ya kiti.

Boksi lililofungwa pande zote hufaa zaidi pikapu kuliko lenye tundu, kwa kuwa huhitaji ujazo mdogo na hutoa besi kavu isiyovuma. Sabufa nyingi nyembamba za inchi 10 huridhika na ujazo wa lita 15 hadi 20. Boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 30 kwa 10 lina lita 15 kamili, kipimo kinachoweza kupatikana nyuma ya kiti cha nyuma cha baadhi ya dabo kabini. Maelekezo yanayokuja na sabufa yafuatwe, kwani ujazo mdogo mno huua besi.

Kwa mwenye singo kabini, suluhisho ni sabufa bapa ya kuweka chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani. Haitatikisa vioo vya majirani, lakini hurudisha ile besi iliyomezwa na ngurumo ya injini, na kwa wengi hilo ndilo hitaji lenyewe.

Boksi lolote lifungwe kwa boliti au mikanda imara. Boksi la kilo 15 lililowekwa tu nyuma ya kiti huruka kwa mwendo wa gari pale breki za ghafla zinapofungwa. Vilevile, katika Hilux nyingi za dabo kabini jeki na vifaa vyake hukaa nyuma au chini ya kiti cha nyuma. Fundi ahakikishe vinafikika bila kufungua boksi, maana pancha haichagui saa wala mahali.

Mwenye kutumia sabufa mbili akumbuke hesabu ya omu. Mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2. Zikiunganishwa kwa mfuatano huwa omu 8. Amplifaya isiyoruhusu omu 2 itachemka na kuungua.

Kurekebisha sauti

Vifaa vizuri huharibiwa na marekebisho mabaya. Spika za milango zizuiwe zisipige sauti nzito zilizo chini ya hezi 80, na sabufa ipige zilizo chini ya hapo. Mgawanyo huo hufanywa kwa swichi zilizo kwenye amplifaya au ndani ya redio. Spika ya mlango iliyopunguziwa mzigo wa besi hupiga kwa nguvu zaidi bila kukwaruza.

Kitufe cha geini kwenye amplifaya si cha kuongeza sauti, ingawa wengi hukitumia hivyo. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Spika zikiwa zimefunguliwa, redio huwekwa kwenye robo tatu ya sauti yake, besi na ikwalaiza vikiwa sifuri, na huchezwa mlio wa majaribio wa hezi 1,000 kwa milango au hezi 50 kwa sabufa. Geini huongezwa taratibu huku multimita ikipima volti za mkondo geu kwenye amplifaya. Kipimo sahihi hupatikana kwa kuzidisha wati kwa omu na kutafuta kipeuo cha pili. Kwa wati 75 na omu 4, jibu ni volti 17.3. Kwa wati 300 na omu 4, ni 34.6. Zaidi ya hapo amplifaya huanza kukata wimbi, na wimbi lililokatwa ndilo linalounguza spika.

Betri, masikio na sheria

Muziki ukipigwa injini ikiwa imezimwa, betri ya ampea-saa 60 inayotoa ampea 10 hufikia nusu ya chaji yake baada ya saa 3. Injini ya dizeli huhitaji mkondo mkubwa kuwaka, na nusu hiyo yaweza isitoshe. Anayepiga muziki kwenye sherehe au ufukweni aache injini inazunguka mahali penye hewa ya kutosha, au afunge betri ya pili yenye swichi ya kuzitenganisha.

Masikio nayo yana kikomo. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91, na dakika 15 tu kwa 100. Kabini ya pikapu ni ndogo, na mfumo wa wati mia chache hufikia kiwango hicho bila taabu. Uwezo wa kusikia uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Sheria pia ipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinagusa kelele za muziki. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2009. Zaidi ya faini, dereva asiyesikia king'ora cha gari la wagonjwa au honi ya lori nyuma yake amejiweka hatarini.

Kumchagua fundi

Fundi anayefaa hutambulika kwa maswali anayouliza. Huuliza unene wa waya kabla ya ukubwa wa sabufa, hufungua betri kabla ya dashibodi, na hakatai mwenye gari kusimama kando na kutazama. Mwenye gari jipya asome masharti ya dhamana kabla ya kazi, na mwenye bima kubwa aitaarifu kampuni yake juu ya vifaa vilivyoongezwa, la sivyo vikiibwa huenda visilipwe.

Asiye na fedha za kufanya yote kwa mkupuo aanze na mikeka na spika za mbele, afuate na redio, kisha amplifaya na waya wake, na amalizie na sabufa. Kila hatua itasikika peke yake, na hakuna kitakachotupwa ya pili itakapofika.

Kazi ikikamilika, lipo jaribio moja lisilohitaji kifaa chochote. Gari liendeshwe kwa nusu saa muziki ukiwa juu kiasi cha kawaida, kisha lisimamishwe na mkono uguse waya wa umeme karibu na fyuzi na karibu na amplifaya. Waya uliofungwa vyema huwa baridi au vuguvugu kidogo. Ukiwa wa moto, muziki uzimwe, betri ifunguliwe, na gari lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo.